Ukiondoa Kengele ya Seva, Nani Atajua?

Seva za huku kwetu magharibi mwa Kenya hazifanani na zile za picha za matangazo. Bokoli, Misikhu, Kimilili, hata katika ofisi nyingi za Bungoma na Kitale mjini, seva ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya karani, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi, na kando yake kuna UPS inayolia kila stima inapopotea. Nyingine haipo ofisini kabisa. Imekodiwa Nairobi au Ujerumani, na aliye Bokoli ana anwani yake na nywila tu. Lakini thamani ya kilichomo haipungui kwa sababu hiyo: akiba za wanachama wa ushirika, alama za wanafunzi, majina ya wagonjwa na maradhi yao, kilo za maziwa zilizopokelewa alfajiri na malipo ambayo mkulima bado anayasubiri.

Ninafurahi basi kuona kwamba ofisi ndogo nazo zimeanza kuomba programu za kugundua uvamizi, ambazo humu nitaziita kengele kwa ufupi. Wasiwasi wangu uko mahali pamoja. Kila anayeomba huuliza inawekwaje na itagharimu kiasi gani. Karibu hakuna anayeuliza itaondolewaje, itaondolewa na nani, na siku ikiondolewa nani atapata habari. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo la kwanza kujibiwa, kabla fundi hajaandika hata amri moja. Ofisi isiyo na kengele inajua haina, kwa hiyo itachunga kwa njia nyingine. Ofisi ambayo kengele yake imekufa kimya italala ikiamini inalindwa.

Tuanze na kazi yenyewe ya programu hizi. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyeitwa Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu ya malipo ya matumizi ya kompyuta haikulingana. Tofauti ilikuwa senti 75 za dola. Mhasibu yeyote wa sacco anaujua usumbufu huo: kiasi ni kidogo, lakini vitabu vimekataa kufunga. Stoll alizifuata senti zile hadi akagundua kuna mgeni ndani ya mfumo. Hakumfungia mlango mara moja. Aliunganisha printa kwenye laini zilizoingia kwenye kompyuta, zikawa zinachapa kila herufi ambayo mgeni aliandika. Baada ya miezi mingi ya kumfuatilia, njia iliishia Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakiiuzia KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, walichokipata.

Jambo la kushika katika kisa hicho ni mahali printa zilipokuwa. Hazikuwa ndani ya kompyuta iliyovamiwa. Mgeni aliyekuwa na mamlaka yote ndani ya mashine ile hakuweza kuziona, kuzizima wala kufuta zilichokichapa. Teknolojia imebadilika tangu wakati huo, lakini hitaji la kuweka shahidi nje ya mashine halijabadilika hata kidogo, na nitalirudia chini kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi katika ofisi zetu.

Mwaka 1987 Dorothy Denning alichapisha mfano wa namna kompyuta yenyewe inavyoweza kufanya kazi ya Stoll: ijue mwenendo wa kawaida wa watumiaji, kisha itoe taarifa mwenendo huo unapovunjika. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue, mwanafunzi Gene Kim na mwalimu wake Gene Spafford waliandika Tripwire. Programu hiyo hupiga hesabu ya kila faili muhimu na kupata alama fupi, inayoitwa hashi, ambayo hubadilika hata herufi moja ya faili ikibadilishwa. Alama hizo huhifadhiwa, na kila siku hesabu hurudiwa na kulinganishwa. AIDE, inayopatikana bure karibu katika kila aina ya Linux, hufanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1998 Martin Roesch alitoa Snort, ambayo haitazami faili bali pakiti zinazopita kwenye mtandao, ikizilinganisha na maelfu ya kanuni zinazoeleza sura za mashambulizi yanayojulikana. Suricata ilikuja baadaye kwenye njia hiyohiyo. Kisha kuna OSSEC, iliyoanzishwa na Daniel Cid, na Wazuh iliyochipuka kutoka kwake mwaka 2015: hizi husoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, hukagua faili, na hukusanya taarifa za mashine nyingi kwenye seva moja ya usimamizi.

Kwa hiyo kuna kengele za ndani ya mashine na kengele za kwenye mtandao. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Januari 2012 mdukuzi wa Indonesia aliyejiita Direxer alibadilisha kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja. Shambulio la namna hiyo linagusa faili, kwa hiyo kikagua faili kingelitaja ukurasa uliobadilika, dakika ya badiliko na akaunti iliyomiliki faili, bila kujali mdukuzi alipitia mlango gani. Linganisha na Julai 2023, wakati kundi lililojiita Anonymous Sudan liliposonga eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, kwa wingi wa maombi hadi watu wakashindwa kuomba pasipoti, viza na huduma nyingine nyingi. Hapo hakuna faili iliyoguswa. Kikagua faili kingeendelea kuripoti kwamba kila kitu ni shwari, na kwa kazi yake kingekuwa kimesema kweli. Anayekuuzia programu moja na kuapa kwamba itagundua kila kitu hajakuambia kweli.

Sasa tuingie ofisini. Chukulia ushirika mdogo wa Bokoli wenye seva moja ya Linux, kumbukumbu ya RAM gigabaiti 4, na fundi anayefika kwa bodaboda akiitwa. Programu gani imfae? Watu wengi hutaja Wazuh kwa sababu ina kurasa nzuri zenye michoro. Ni programu bora, lakini waundaji wake wenyewe wanapendekeza seva ya usimamizi yenye prosesa 4, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 50 hata kwa mashine zisizozidi 25. Ukiibana ndani ya seva ileile inayoendesha hesabu za wanachama, asubuhi ya malipo mashine itakwama, na mwenyekiti atatoa amri ya kuing'oa siku hiyohiyo. Ndivyo kengele nyingi zinavyoondolewa vibaya: kwa hasira, foleni ikiwa mlangoni. Kwa ofisi ya namna hii ningeweka AIDE ya kukagua faili, Fail2ban ya kuwafungia wanaobahatisha nywila, na utaratibu wa kutuma logi kwenye mashine nyingine. Ni vitu vidogo, vinakula kumbukumbu kidogo, na mtu mmoja anaweza kuvielewa vyote.

Kabla ya kugusa seva, pata ruhusa kwa maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Fundi mwenye nia njema aliyepewa idhini kwa mdomo na karani hana cha kuonyesha mambo yakiharibika. Karatasi moja yenye sahihi ya mwenyekiti, inayotaja mashine, programu, tarehe na nani anaruhusiwa kuiondoa, inatosha. Ndiyo, nani anaruhusiwa kuiondoa. Iandikwe siku ya kuweka, watu wakiwa bado wametulia.

Kisha hakikisha mashine ni safi. AIDE na wenzake hawajui jema na baya. Wanajua kilichokuwepo na kilichobadilika. Ukipiga alama za faili kwenye seva ambayo tayari imeingiliwa, umemwandikisha mvamizi kuwa mwenyeji, na kila asubuhi ripoti itasema hakuna jipya. Wakati mzuri ni baada tu ya kusakinisha mfumo upya, masasisho yote yakiwa yameingia, kabla haijaunganishwa na intaneti kwa kazi. Kama seva ni ya zamani na haiwezi kusakinishwa upya, angalau linganisha programu zake na zile za hazina rasmi, na upitie orodha ya watumiaji na kazi zinazojiendesha zenyewe usiku. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

AIDE ina hatua moja inayowaponyoka wengi. Ukiianzisha, huandika hifadhidata mpya kwa jina lenye neno new. Haitaitumia mpaka uinakili kwa jina linalosomwa na mipangilio. Usipoinakili, ukaguzi hauna cha kulinganisha nacho. Na ukishainakili, chukua nakala ya pili uitoe nje ya seva: kwenye flashi inayofungiwa kabatini, au kwenye kompyuta nyingine. Aliyepata mamlaka ya juu kwenye seva anaweza kubadilisha faili kisha akapiga hesabu upya, hifadhidata ikaonekana haina dosari. Nakala iliyo kabatini ndiyo printa ya Stoll.

Logi nazo zitoke nje papo hapo, si mara moja kwa siku. Jambo la kwanza ambalo mvamizi mwenye uzoefu hufanya akishaingia ni kufuta alama zake na kuzima kinachomtazama. Logi iliyokwisha kutumwa kwenye mashine nyingine hawezi kuirudisha.

Fail2ban inahitaji uangalifu ambao miongozo ya ughaibuni haiutaji sana. Kwa mipangilio yake ya awali, anwani inayokosea mara 5 ndani ya dakika 10 hufungiwa kwa dakika 10. Huku kwetu wengi tunaingia mtandaoni kwa laini za simu, na kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Ukiongeza adhabu ikawa wiki nzima, ukidhani unakomesha mdukuzi, unaweza kuwafungia makarani wako wenyewe walioko Kimilili kwa kosa la mtu wasiyemjua. Adhabu iwe fupi. Anwani ya ofisi, kama ni ya kudumu, iingizwe kwenye orodha ya wasioguswa. Na unapofanya mabadiliko kwa mbali, acha dirisha la pili, lililoingia kutoka anwani nyingine, likiwa wazi. Ukijifungia nje kwenye la kwanza, la pili litakuokoa na safari.

Saa ya mashine ni jambo dogo lenye madhara makubwa. Stima ikipotea mara kwa mara na betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta ikiwa imechoka, seva huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Hakikisha inachukua saa kutoka mtandaoni kila inapowaka. Angalia pia kama logi zinaandikwa kwa saa za Afrika Mashariki au za kimataifa, maana tofauti ni saa tatu. Taarifa inayoonyesha mtu aliingia 23:00 kwa saa za kimataifa inamaanisha aliingia saa nane usiku wa kwetu. Ukiikosea hiyo utamshuku karani aliyechelewa kufunga ofisi, asiyehusika hata kidogo.

Baada ya hapo kengele italia, na italia sana. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliripoti matukio ya tishio la mtandao yapatayo bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025. Watu walishtuka kana kwamba nchi ilivunjwa mara bilioni. Hesabu kama hiyo hujumlisha kila jaribio ambalo vifaa vya ufuatiliaji viliona, mengi yakiwa ya mashine zinazobisha hodi kwenye kila anwani duniani bila kujua ni ya nani. Seva yako ya Bokoli itabishiwa hodi siku ileile itakapopata anwani ya intaneti. Kwa hiyo wiki za kwanza ni za kusoma na kupunguza: kanuni zinazohusu programu usizokuwa nazo zizimwe, folda zinazobadilika kila dakika ziondolewe kwenye ukaguzi wa faili, na kila baada ya sasisho halali alama za faili zipigwe upya, mtu akiandika daftarini ni nani aliyesasisha na lini. Usipofanya hivyo, barua pepe za tahadhari zitarundikana hadi karani azipeleke zote kwenye folda asiyoifungua.

Hapa ndipo ninapoweka mkazo wangu wote kuhusu usakinishaji: barua hizo zinakwenda kwa nani? Katika ofisi zetu mara nyingi aliyeweka programu ni mwanafunzi aliyekuja kwa atachimenti, mwerevu na mwenye bidii, ambaye baada ya miezi mitatu amerudi chuoni. Tahadhari zinaendelea kwenda kwenye anwani yake binafsi, na nywila za mfumo anazo yeye. Hajakosea yeye, aliyemwajiri hakumpa anwani ya ofisi. Tahadhari ziende kwa watu wawili, kwenye anwani za ofisi, na angalau mmoja wao awe mtu wa Bokoli anayeweza kutembea hadi kwenye seva na kuchomoa waya wa mtandao.

Tufike sasa kwenye kuondoa. Sababu halali zipo nyingi. Mashine imezidiwa, ushirika unahamia seva nyingine, mkataba na kampuni iliyoleta programu umeisha, programu mbili za ulinzi zinagombana. Wakati mwingine ulinzi wenyewe ndio unaougua. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja ya sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5, kwa sababu programu ile hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Tiba kwa mashine nyingi ilikuwa mtu kukaa mbele yake, kuiwasha kwa hali salama na kufuta faili ile kwa mkono, moja baada ya nyingine. Aliyejua mapema namna ya kuondoa alitangulia kurudi kazini.

Kabla ya kuondoa, endesha ukaguzi wa mwisho na uusome. Malalamiko kwamba seva imekuwa nzito, na kwamba pengine kengele ndiyo inayoilemea, yanaweza kuwa kweli, na pia yanaweza kuwa dalili ya mtu anayetumia prosesa yako kwa kazi zake. Ukiing'oa bila kusoma umemfukuza shahidi pekee. Nakili ripoti, logi, mipangilio na hifadhidata ya alama, uzitoe nje ya mashine. Kama kuna kengele mpya inayokuja, iweke kwanza, ijaribu kwa kukosea nywila makusudi au kubadilisha faili isiyo na madhara, na uone kama taarifa imewafikia wale wawili. Isipofika, ya zamani isiguswe.

Halafu jiulize kama kengele yako inatazama tu au imekaa njiani. Suricata inaweza kusanidiwa ili kila pakiti ipitie kwake kabla ya kuendelea. Katika hali hiyo kanuni ya faiwoli hupeleka pakiti kwenye foleni na kungoja jibu. Ukizima Suricata na kuiacha kanuni, foleni haina wa kuihudumia na pakiti zote hutupwa, isipokuwa kanuni iliandikwa na ruhusa ya kupita bila kukaguliwa. Seva itakuwa hai lakini haifikiki, hata na wewe. Kama iko Ujerumani utategemea huruma ya dawati la msaada. Kama iko Bokoli na wewe uko Kitale, na mvua imeharibu barabara, wanachama watasubiri. Ondoa kanuni ya faiwoli kwanza, hakikisha mtandao unapita, ndipo uzime programu.

Kuzima nako kuwe kwa utaratibu: simamisha huduma, izuie isijiwashe tena, kisha iondoe kwa njia ileile uliyoiwekea. Kwenye Debian na Ubuntu, amri ya apt remove huondoa programu na kuacha mipangilio yake. Apt purge huondoa na mipangilio. Mara nyingi watu hutumia ya kwanza wakidhani wamemaliza. Mipangilio iliyobaki inaweza kuwa na nywila ya barua pepe iliyotumika kutuma tahadhari, imeandikwa wazi, ikimsubiri atakayeisoma. Kwa programu iliyojengwa kutoka kwenye msimbo wake, kama OSSEC inavyowekwa mara nyingi, mfumo hauna kumbukumbu ya kilichowekwa. Utaisimamisha mwenyewe, utafuta folda ya /var/ossec, faili ya kuiwasha, na watumiaji na vikundi ambavyo iliviunda. Ndiyo maana ninasisitiza daftari la siku ya kuweka: orodha ya kufuta ni orodha ileile ya vilivyoundwa.

OSSEC na Fail2ban huandika kanuni za kuwazuia watu. Zikisimamishwa vizuri hujaribu kufuta zilichokiandika. Folda ikifutwa programu ikiwa inakimbia, au mashine ikizimika kwa nguvu katikati, vizuizi vinaweza kubaki kwenye faili za mfumo, na hakuna tena anayejua vilitoka wapi. Miezi baadaye mkulima mmoja hawezi kufungua ukurasa wa malipo yake na kila mtu anamlaumu kwa simu mbovu. Pitia faiwoli na faili ya hosts.deny kwa macho yako. Angalia pia kazi za usiku zilizopangwa kwenye cron, na poti zilizofunguliwa kwa ajili ya mawasiliano ya kengele. Wazuh hutumia 1514 na 1515. Kwenye seva ya usimamizi, futa usajili wa wakala, yaani programu iliyokuwa ikituma taarifa za mashine hiyo, pamoja na ufunguo wake. Ukimwacha, ataonekana kwenye orodha kama aliyepotea, na watu watazoea kuona rangi nyekundu bila kushtuka.

Mazoea hayo ndiyo yanayoua. Mwaka 2017 wadukuzi walikaa siku 76 ndani ya mifumo ya Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, wakachukua taarifa za watu wapatao milioni 147. Walipitia udhaifu wa Apache Struts ambao dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huohuo. Lakini kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano ya mfumo ule. Cheti cha kidijitali kilichokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofumbwa kilikuwa kimekwisha muda, na kwa mujibu wa ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani ya Desemba 2018, kilikuwa kimekwisha kwa miezi 19. Tarehe 29 Julai wafanyakazi walipoweka cheti kipya, waliona mara moja mawasiliano ya kutiliwa shaka. Hakuna aliyeamua kuondoa kengele ile. Ilijiondoa yenyewe, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa habari njema.

Ni lazima basi ukimya nao utoe sauti. Weka barua fupi ya kila siku inayosema ukaguzi umefanyika na hakuna kilichobadilika, na mtu awe na jukumu la kuuliza ikikosekana. Mashine ya usimamizi itoe tahadhari wakala akikatika, hata kama ni stima tu imepotea Bokoli; simu ya dakika moja kwa karani itathibitisha. Mvamizi naye huondoa kengele, kwa amri zilezile anazotumia fundi. Mkiwa mmezoea kwamba kila uondoaji halali hutangazwa siku kabla, ukiwa na sahihi ya mwenyekiti, basi ule usiotangazwa utajulikana ni wa nani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaongeza uzito. Data ya mtu ikiingiliwa na kukiwa na hatari ya kweli ya kumdhuru, anayesimamia matumizi ya data hiyo, iwe shule, hospitali au ushirika, anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Anayechakata data kwa niaba ya mwingine, kwa mfano kampuni inayowaendeshea mfumo, anapaswa kumjulisha msimamizi huyo bila kuchelewa, na ikiwezekana ndani ya saa 48. Katika saa hizo utaulizwa data ya nani imeguswa na tangu lini. Majibu hayo yamo kwenye logi za kengele, ikiwemo ile uliyoiondoa mwaka jana. Usizifute kwa sababu tu programu imeondoka.

Wala usizihifadhi milele. Zina majina ya watumiaji, anwani zao na saa zao za kuingia, kwa hiyo nazo ni data za watu. Amueni muda kwa maandishi, zihifadhiwe zikiwa zimefumbwa mahali ambapo wawili tu wana ufunguo, na zifutwe muda ukifika. Kompyuta ya zamani isiuzwe mjini Kitale diski yake ikiwa ndani kabla haijafutwa yote kwa kuandikiwa upya. Kufuta folda pekee huacha kila kitu kikiweza kurudishwa. Baada ya kuondoa programu, iwashe seva upya mchana, watu wakiwepo, ili ionekane kama inaamka bila kutafuta huduma ambayo haipo tena. Ni afadhali kasoro ifahamike saa tano asubuhi, fundi akiwa bado ofisini, kuliko usiku stima itakaporudi.